Siku nne India ya shamba: jibu kwa mwalimu wa Tanga

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Tanga. Likizo ya Desemba nakwenda India kumwona mdogo wangu wa kiume anayesoma Greater Noida, jirani na Delhi. Atakuwa na siku nne tu za mapumziko. Kila mtu ananiambia Taj Mahal, Jaipur, kisha nirudi nyumbani. Mimi nataka mji mdogo wa shamba, nione watu wanavyoishi. Mdogo wangu anasema huko tutatazamwa kama sinema na hakuna cha kuona. Sisi ni Waislamu, na Kihindi chake ni cha dukani tu. Twende wapi, tulale wapi, tule nini, na mwenyeji tumpelekee zawadi gani?"

Marahaba, mwalimu. Na salamu hiyo usiiache Tanga, itakufaa huko uendako. Nitakueleza mbele.

Nianze na mdogo wako, maana amesema kweli nusu. Mtatazamwa, na sana. Nimeishi India kaskazini miaka saba, minne nikisoma na mitatu nikiwasindikiza wagonjwa wa kwetu wanaokuja kutibiwa Delhi, na sijapata kufika mji mdogo nikapita kama mtu wa kawaida. Muuza mboga atasimamisha mizani hewani. Mtoto atakimbia kumwita bibi yake. Lakini kutazamwa huko kuna mwisho wake, na wageni wengi hawaufikii kwa sababu wanaondoka mapema. Siku nne wanazigawa miji minne, kwa hiyo kila asubuhi wanaanza upya kuwa kioja.

Ushauri wangu ni mji mmoja, usiku tatu. Kaa mpaka mji uchoke kukutazama. Hapo ndipo utaanza wewe kuuona.

Mji wenyewe ni Orchha. Kwenye ramani ya serikali uko jimbo la Madhya Pradesh, ambalo wengi huliita India ya Kati, na huenda mtu akakusahihisha ukisema umekwenda kaskazini. Mwache asahihishe. Kwa lugha, kwa chakula na kwa reli ni kaskazini tu; Jhansi, mji mkubwa ulio umbali wa kilomita zisizofika 20, uko Uttar Pradesh, na eneo lote pande mbili za mpaka huo linaitwa Bundelkhand. Sensa ya 2011 iliwahesabu watu wa Orchha kuwa elfu kumi na moja na ushei. Ina barabara kuu moja, soko moja, mto mmoja, na magofu ya kifalme ambayo yangetosha mji wa watu laki tano.

Kisa cha magofu hayo ni hiki. Wafalme wa ukoo wa Bundela waliujenga mji mwaka 1531 ukawa makao makuu yao. Mwaka 1783 makao yakahamishiwa Tikamgarh, na Orchha ikaachwa na majumba yake kama nyumba ambayo watoto wote wamekwenda mjini. Ng'ombe wakaingia uani. Wakulima wakalima chini ya kuta. Ndiyo maana hata leo utapita kwenye lango la ngome na kukuta mama anaanika samadi ya ng'ombe iliyofinyangwa kama mikate, kuni zake za kupikia, juu ya ukuta uliojengwa enzi za wafalme wa Mughal, ukoo uliotawala India kaskazini zamani. Kwa mtu anayetaka kuona watu wanavyoishi bila kukosa cha kuwasimulia wanafunzi wake, sijui mahali pazuri zaidi ndani ya nusu siku kutoka Delhi.

Safari ni ya treni. Stesheni mnayoshukia ni Jhansi, lakini jina lake rasmi sasa ni Virangana Lakshmibai Jhansi, na kifupi chake kwenye mtandao wa tiketi ni VGLJ. Mdogo wako akitafuta Jhansi asiione, asidhani imefutwa. Kuna treni mbili za mchana ambazo ningezifikiria kwanza. Shatabdi ya Bhopal huondoka stesheni ya New Delhi saa kumi na mbili asubuhi, na Gatimaan huondoka Hazrat Nizamuddin saa mbili na dakika chache. Hizo ni stesheni mbili tofauti na foleni ya magari ya Delhi iko katikati yake, kwa hiyo soma tiketi mara mbili. Soma na saa pia: tiketi imeandikwa 06:00, na sisi tuliozoea saa zetu tuna namna ya kuona sita tukawaza mchana. Tena India iko mbele ya Tanga kwa saa mbili na nusu, hiyo nusu ikiwa ndiyo inayowachanganya watu wanapopiga simu nyumbani. Safari yenyewe ni kama saa nne na nusu, mnakaa kwenye viti, mnaletewa chai na chakula.

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla. Usingoje. Ukiona herufi WL maana yake uko kwenye foleni ya kungojea kiti, na WL isiyogeuka kuwa kiti haikuingizi kwenye behewa hilo, hata uombe vipi. Mtu akikusimamisha nje ya stesheni ya New Delhi akakuambia ofisi ya tiketi ya wageni imeungua, imehama au imefungwa kwa sikukuu, mshukuru upite. Ofisi ipo, ghorofa ya kwanza ndani ya stesheni yenyewe. Uongo huo ni mkongwe, wanarithishana.

Kwa vile ni Desemba, jambo la kuwaumiza litakuwa ukungu. Kadiri mwezi unavyokwenda, na Januari ndiyo kabisa, uwanda wote wa kaskazini hufunikwa na ukungu mzito usiku na alfajiri, na treni huchelewa saa mbili, sita, hata zaidi. Kama mnaweza kuchagua, nendeni nusu ya kwanza ya mwezi. Na vyovyote iwavyo, usipange kurudi Delhi siku ile ile ya ndege yako. Acha siku nzima katikati. Nimeona familia ikilia kwenye kaunta ya uwanja wa ndege kwa kukosa kulijua hili.

Jambo jingine la Desemba: kuna sikukuu iitwayo Vivah Panchami, ukumbusho wa harusi ya Ram na Sita, miungu ya Wahindu, ambayo huangukia kati ya mwisho wa Novemba na Desemba kufuatana na mwezi. Orchha huiadhimisha kwa maandamano ya harusi kamili, na umati huo hutoka vijiji vyote vya jirani. Tazama tarehe ya mwaka wako. Mkiipata, ni bahati kubwa, ila vyumba viwe vimeshikwa mapema.

Jhansi mtakuta bajaji. Sisi tumeliita gari hilo kwa jina la kampuni ya Kihindi, lakini huko kwenyewe ukisema "bajaji" watakutazama. Wao husema "auto". Kuna za kukodi na kuna za kuchangia, ambazo hujaa watu, magunia na mbuzi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda. Kioo cha mbele cha nyingi kimeandikwa kwa rangi "Ram Raja Sarkar", na hapo ndipo uanze kuuelewa mji unaouendea.

"Sarkar" ni ndugu wa neno letu serikali. Asili yake Kiajemi. Kwa watu wa Orchha, Ram mungu wao ndiye mfalme wa mji, na maneno yale kiooni wanayasema kwa uzito wote. Wanasimulia kwamba katika karne ya 16 malkia Ganesh Kunwari, mke wa mfalme Madhukar Shah, alikwenda kwa miguu hadi Ayodhya, mji wa Ram, kumwomba aje kwao. Ram akakubali kwa masharti: atakapowekwa kwanza ndipo atakapokaa, na akifika, mfalme ni yeye. Hekalu kubwa la Chaturbhuj lilikuwa likijengwa kwa ajili yake, halijakwisha, basi malkia akaiweka sanamu ndani ya jumba lake kwa muda. Hekalu lilipokuwa tayari sanamu ikakataa kunyanyuka. Mpaka leo Chaturbhuj limesimama pale na kuba zake ndefu kama mlima, na umati wote unaingia jengo la pembeni ambalo ukilitazama vizuri ni nyumba ya malkia. Na kwa kuwa aliye ndani ni mfalme, askari polisi wa jimbo humpigia saluti ya bunduki mabegani wakati wa ibada. Nenda jioni, simama uani, uone askari huyo anavyokaza magoti. Nimeona gwaride nyingi za kiserikali, na chache zilikuwa na uso wa makini kama ule.

Ninyi kama Waislamu hamlazimiki kuingia ndani wala kupokea kitu. Uani panatosha. Viatu mnaacha nje, simu na mikanda ya ngozi haviingii. Ninachokuomba ni kutojadili dini na siasa na watu msiowajua, hata wakianza wao. India ya sasa mada hiyo ina miiba, na mgeni hana kinga. Vazi lako la kujisitiri halitamshangaza mtu, kwani wanawake wengi wa huko nao hujifunika ushungi mbele ya wakwe na wazee. Ijumaa mkiihitaji, misikiti iko Jhansi.

Sasa malazi. Usiku mmoja, miaka ya mwanzo, nilifika mji mdogo mwingine kabisa saa nne usiku, nikaenda gesti niliyoilipia kabisa kwa simu. Kijana wa mapokezi akaiona pasipoti yangu, akaifunga polepole, akanirudishia kwa mikono miwili kama anayerudisha kitu cha moto. "Mgeni hatuchukui." Nikalala kwenye benchi la stesheni nikiwa nimejifunga shuka, nikimlaani. Baadaye nikajua tatizo. Kila anayempangisha mgeni wa nje lazima amwandikishe serikalini ndani ya saa 24, karatasi iliyozoeleka kwa jina la Fomu C, na nyumba nyingi ndogo hazina usajili wa kufanya hivyo. Kijana hakuwa na chuki. Alikuwa anaogopa faini. Kwa hiyo kabla hujalipa popote, uliza swali moja tu: mnajaza Fomu C kwa mgeni? Mdogo wako naye abebe pasipoti halisi na karatasi zake za ukaazi wa mwanafunzi. Nakala pekee haitoshi.

Orchha kuna mahoteli ya kila kiwango. Mimi ningelala kwa wenyeji. Mtaa wa Ganj una familia zinazopokea wageni kupitia shirika lisilo la faida la Friends of Orchha, na kilomita chache nje ya mji kuna kijiji cha Ladpura Khas chenye nyumba za namna hiyo. Mwaka 2021 serikali ya India ilikipendekeza kwenye shindano la vijiji bora vya utalii la Umoja wa Mataifa. Chumba ni safi na hakina makuu: kitanda, blanketi zito, baldi na kopo la kuogea. Desemba maji ya moto utaomba, watakuchemshia. Usiku baridi hushuka mpaka nyuzi nane au chini yake, na nyumba hazina joto lolote isipokuwa la watu. Wewe wa Tanga unadhani unajua baridi kwa sababu ulishawahi kulala Lushoto. Beba sweta mbili, soksi nene na kitu cha kufunga kichwani.

Asubuhi ya kwanza tokeni mapema mkanywe chai kwa mmoja wa wauzaji wa karibu na soko. Chagueni mmoja, msimbadilishe. Wa kwangu alikuwa mzee mwenye jiko la mafuta lililokuwa likinguruma kama pikipiki. Tangawizi aliiponda kwa jiwe juu ya jiwe, palepale, mara tatu nne, akaitupa kwenye sufuria pamoja na maganda yake. Maziwa, majani, sukari ya kutosha watu wa harusini. Ikichemka akaiinua sufuria kwa koleo, ikipanda anaishusha, inapanda tena anaishusha. Kisha anachuja kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa cheupe na kukumiminia kwenye kikombe cha udongo, ukimaliza unakitupa. Siku ya kwanza walikusanyika watu kumi na tano kunitazama nikinywa. Aliponiuliza natoka wapi, na nilipojibu, akawatafsiria wote kwa sauti kubwa jambo ambalo bila shaka halikuwa nililosema. Siku ya pili walikuwa watatu. Siku ya tatu alinyanyua kidole kimoja kuuliza kama ni moja au mbili, akaendelea kugombana na mwenye duka la jirani kuhusu mfereji wa maji. Nilifurahi kuliko kama wangenipigia ngoma.

Siwezi kuzungumzia kutazamwa nikakuficha upande mbaya. Mdogo wako anaishi Greater Noida, ambako Machi 2017 wanafunzi wa Kiafrika walishambuliwa na umati kwa sababu ya uvumi, na atakuwa amesimuliwa. Ubaguzi wa rangi upo, na ukisikia neno "habshi" limetupwa nyuma yenu, si sifa. Ninavyoona mimi, baada ya miaka hiyo saba, uchungu mwingi uko pembezoni mwa majiji, kwenye kupangisha vyumba na ugomvi wa majirani. Mji mdogo wa mahujaji na watalii una udadisi mwingi kuliko uadui. Udadisi nao unachosha. Wataomba picha. Mmoja mkimkubalia, jiandaeni kwa ishirini. Weka kanuni yako mapema: mimi huwakubalia familia na akina bibi, na makundi ya vijana wa kiume nawaambia "nahin" kwa tabasamu huku natembea. Ukisimama umekwisha. Wanawake watashika nywele au nguo yako bila kuomba. Wakikukera, ushike mkono wao wewe kwa upole, uushushe. Mdogo wako ataitwa kwa jina la mchezaji kriketi wa West Indies. Avumilie. Na usiku msizurure nje ya mji, kwa sababu zile zile ambazo usingezurura Handeni.

Lugha isikuogopeshe. Utashangaa unavyojua: dunia, habari, dawa, sabuni, kalamu, rangi, bima, barafu, chai, laki, vyote wanavyo kwa sura inayotambulika. Neno litakaloyaokoa maisha yako ni "bas", ambalo ni basi letu. Mama mwenye nyumba atakujazia sahani kila uchao. Funika sahani kwa kiganja, sema "bas, bas". Ya kwanza hataisikia.

Na sasa shikamoo. Mkifika kwenye nyumba yenye bibi, utaona wanaoingia wanainama kumgusa miguu, naye anawawekea mkono kichwani. Walio na haraka au walio mbali husema tu kwa mdomo "pay lagu", yaani naigusa miguu yako, bila kuinama. Sisi tuna "nashika miguu" tukaifupisha mpaka watoto wetu hawajui wanashika nini. Nilipomweleza hilo bibi mmoja wa Ganj kupitia mjukuu wake, alicheka hadi akatoa meno ya bandia, kisha akataka kujua tunajibu nini. Nikamwambia marahaba. Wiki nzima akawa ananijibu "marahaba" kila nikipita, hata nisiposalimu. Kama kuinama mbele ya mtu kunakukwaza kiimani, unganisha viganja kifuani useme namaste. Hakuna atakayekuhesabia kosa. Ila usishangae ukiona mzee wa makamo anaigusa miguu ya kijana wake wa dada. Bundelkhand mjomba humheshimu mpwa hivyo. Mdogo wako asijaribu kuileta desturi hiyo nyumbani.

Chakula kwenu kitakuwa rahisi kuliko mnavyoogopa, kwa sababu mji umekaa karibu na hekalu na karibu kila kinachopikwa ni mboga. Wali, dengu, viazi na koliflawa, bilingani ya kuchoma, maziwa mgando, achari kali. Nyama msiitafute. Ng'ombe hachinjwi kisheria katika jimbo hilo, na hata kuiulizia nyama yake ni utovu wa adabu. Pombe pia haiuzwi Orchha tangu Aprili 2025, serikali ya jimbo ilipoifunga katika miji yake mitakatifu, kwa hiyo jioni ni tulivu. Wanachokiita roti ni kikavu, hakina mafuta. Chapati yetu ya kukunja, yenye tabaka, wao huiita "paratha". Asubuhi agizeni "poha", mchele uliopondwa ukawa bapa, unapikwa na vitunguu na bizari, na jalebi za moto pembeni. Kula kilichotoka motoni mbele yako. Maji yawe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na barafu ikataeni kwa jina lake hilohilo.

Kuna kitu kimoja ambacho sisi hukosea kwa wema. Kwetu kula sinia moja ni udugu. Kwao kilichoguswa na mdomo au mkono uliokwisha kula ni "jutha", kimenajisika, hakitolewi kwa mwingine. Usimmegee mtu kipande cha roti yako. Usichovye kijiko chako kwenye bakuli la wote. Chupa ya maji ya pamoja humiminwa mdomoni kutoka juu bila midomo kuigusa. Jizoezeni hotelini kwanza, maana mara ya kwanza mtaoga. Mkono wa kulia, hapo tuko pamoja.

Magofu yagaweni, msiyamalize siku moja. Tiketi ya mgeni ni ghali mara kadhaa kuliko ya mwenyeji, lakini moja huingia majengo mengi, kwa hiyo msiitupe. Jahangir Mahal, jumba la ghorofa lililopambwa kwa vigae vya buluu, lina historia ya damu ambayo waongozaji huipamba: Bir Singh Deo wa Orchha ndiye aliyemuua mwaka 1602 Abul Fazl, mwandishi na mshauri wa Akbar, mfalme wa Mughal, kwa kutumwa na mtoto wa Akbar mwenyewe. Mtoto huyo alipotawazwa mwaka 1605 kwa jina la Jahangir, Bir Singh akapata kiti cha Orchha, na jumba likajengwa kwa heshima ya ugeni wake. Ngazi zake ni za giza na za kupanda mno. Vaa viatu vya kushika. Ndani ya Raja Mahal jirani, inua macho uone michoro ya darini.

Lakini uwanja wangu ni mto Betwa. Jioni vukeni daraja jembamba, lisilo na kingo za maana, hesabuni pikipiki kabla ya kuvuka, kisha mkae kwenye miamba ng'ambo ya pili. Mbele yenu yatasimama makaburi ya heshima ya wafalme, wanayoyaita "chhatri", yamepangwa kandokando ya maji, na juu ya vilele vyake wamekaa tumbusi. Tumbusi hao ni adimu sasa. Katika miaka ya 1990 walikufa India nzima kwa mamilioni, kwa sababu ya diclofenac, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe; tumbusi wakila mzoga, figo zao zinakufa. India iliipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Orchha wamebaki, na wanazaa palepale kwenye kuta. Waambie wanafunzi wako habari hiyo, wataikumbuka kuliko majina ya wafalme. Maji ya Betwa yanaonekana mapole. Msiogelee kwenye miamba.

Kidogo kuhusu Hardaul, kwa sababu mkikaribishwa harusini mtamsikia. Alikuwa mdogo wake mfalme Jhujhar Singh. Kwa masimulizi ya Bundelkhand, mfalme alimshuku kuwa na uhusiano na malkia, akaamuru apewe sumu, naye Hardaul akainywa akijua. Inasemwa alihudhuria harusi ya mpwa wake baada ya kufa. Hivyo hadi leo kadi ya kwanza ya mwaliko wa harusi hupelekwa kwenye kaburi lake, na utakuta zimerundikana pale. Someni majina yaliyochapwa. Desemba ni msimu.

Mengine kwa haraka. Cheti cha homa ya manjano kibebe, hasa ndege yako ikipitia Nairobi au Entebbe, kwa kuwa asiyekuwa nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku sita, na chanjo huanza kuhesabiwa baada ya siku kumi. Fedha ndogondogo za rupia 10, 20, 50 zihifadhi kama dhahabu. Wenyeji wote wanalipa kwa simu na chenji haipo. Kima wakubwa wenye uso mweusi watakufuata ukiwa na mfuko wa ndizi. Mbwa akikuuma, hata akikukwaruza tu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka robo saa nzima, nenda Jhansi hospitali siku hiyohiyo uanze sindano. Hilo halingoji kurudi Delhi.

Zawadi. Usipeleke korosho, wanazo. Peleka karafuu kama una mtu Unguja au Pemba, kwani India huzinunua kwetu na mama wa nyumba ataijua ubora wake kwa kunusa tu. Na peleka kanga doti moja. Angalia pindo kwanza: nyingi zimechapwa India, na mwenyeji wako atafurahi kugundua kwamba nguo imekwenda Tanga ikarudi. Ila ujue kwamba swali la kwanza, kabla hata ya asante, litakuwa hayo maandishi yanasemaje, na atauliza mbele ya ukoo mzima. Mimi nilikurupuka nikanunua kwa rangi. Wewe soma jina kwanza, uchague ambalo hutaona aibu kulitafsiri mbele ya mama mkwe wa mtu.